Starta ya pili inanuka kuungua: kabla hujaagiza ya tatu

Swali: Shikamoo, mzee. Tumefanya ovaholi ya injini ya ekskaveta, dizeli ya silinda 6, umeme wa volti 24. Tumeweka laina, pistoni, ringi na beringi mpya, na silinda hedi ilipelekwa kuchongwa. Injini na pampu ya haidroli zimerudi kwenye mashine. Sasa ukigeuza ufunguo, starta inagonga, inasukuma injini kama nusu mzunguko, halafu inakwama. Betri zote mbili ni mpya. Starta ya kwanza iliungua koili, tukanunua nyingine, nayo imeanza kunuka. Waya wa hasi unapata moto. Mwenye mashine anataka niagize starta yenye nguvu zaidi, mwenzangu anasema tuifungue injini upya. Nifuate lipi?

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Kwa leo usifuate lolote kati ya hayo mawili. Starta mbili zikiungua kwenye injini moja ndani ya muda mfupi, kuna kitu kinaziua, na kitu hicho bado kipo hapo. Ya tatu itaungua vilevile, hata ikiwa kubwa. Kuifungua injini nako ni kazi ya siku kadhaa ambayo huenda haihitajiki kabisa, kwa sababu waya huo wa hasi unaopata moto unaweza kuwa ndio ugonjwa wote. Jipe nusu siku ya kupima. Tafuta mita ya volti, mpini mrefu wa soketi, na klampu mita inayosoma ampia za DC. Hii ya mwisho iangalie vizuri: klampu nyingi za bei ndogo husoma AC peke yake, nazo zitakuonyesha sifuri huku ampia mia tano zinapita.

Kwanza uelewe starta inavyokufa. Mota yake inapozunguka, yenyewe huzalisha volti inayoupinga umeme unaoingia, na upinzani huo ndio unaozuia ampia zisipande ovyo. Ikizunguka polepole, upinzani unapungua. Ikisimama kabisa huku ufunguo umeshikiliwa, hakuna kinachouzuia umeme isipokuwa shaba ya koili, na shaba hiyo ni nene, haizuii kitu. Ampia zinaruka mara mbili au zaidi, koili zinapata moto, varnishi inaanza kunuka. Harufu uliyoisikia ni hiyo. Kwa hiyo kuungua kwa starta kunakuambia jambo moja tu: ilishindwa kuzunguka. Imeshindwa kwa sababu mzigo ni mkubwa mno au kwa sababu umeme haukuifikia wa kutosha? Hilo ndilo la kutafuta.

Na kama mashine ilipoletwa kwenu starta ilikuwa inaizungusha injini bila shida, basi kosa limo ndani ya kile mlichokigusa. Nasema hivi bila kukulaumu. Kila fundi aliyefunga injini nyingi amepita hapo.

Anza na mkono, umeme utafuata

Shusha ndoo mpaka ikae chini, zima swichi kuu ya betri, vua pete na saa. Volti 24 hazikurushi, lakini spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja inayeyuka mkononi mwako, na pete ya chuma inakata kidole kwa moto.

Kisha toa nozeli (vinyunyizio vya dizeli) zote sita ili kompresheni isikudanganye. Shika bolti ya puli ya mbele, au tumia tundu la kuzungushia kwenye haunzingi ya flaiwili (kasha la gurudumu zito la nyuma ya injini) kama lipo, uzungushe injini upande wake wa kawaida mizunguko miwili kamili. Mmoja hautoshi: injini ya mipigo minne humaliza kazi yake kwa mizunguko miwili ya krenki (shafti kuu ya injini), na valvu inayogonga pistoni unaweza kuipita bila kukutana nayo kama umeishia mzunguko mmoja.

Hapa mkono wako una thamani kuliko mita. Sikiliza unachokuambia.

Injini ikiwa nzito lakini nzito sawasawa mahali pote, ikasogea bila kukwama, hiyo inaweza kuwa hali ya kawaida. Ringi mpya hukwaruza laina mpya, beringi bado hazijazoeana na krenki. Lakini kuna uzito wa kawaida na uzito wa kutisha. Ukilazimika kuchomeka bomba kwenye mpini na watu wawili waning'inie, hapo kuna beringi zinazobana: aidha krenki ilisagwa saizi moja na beringi zikaletwa za saizi nyingine, aidha kofia za beringi kuu au za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) zimebadilishana nafasi au zimegeuzwa. Kofia hutobolewa pamoja na mwili wake, hivyo kila moja ina makao yake na upande wake. Ningekuwa karibu ningekuuliza kama mlikuwa mnaizungusha krenki kila mlipokaza kofia moja. Mkifanya hivyo mnajua palepale ni ipi iliyobana; msipofanya mnajua mwisho, wakati injini iko ndani ya mashine.

Ikiwa inakwenda vizuri, kisha inagota ghafla mahali pamoja, unairudisha nyuma, unakuja mbele na inagota palepale, chuma kinakutana na chuma. Usiongeze nguvu. Umesema hedi ilichongwa. Kuchonga kunashusha hedi, na valvu zinashuka nayo kuelekea pistoni. Kama gasketi mliyoweka ni nyembamba kuliko inavyotakiwa, au viti vya valvu havikushushwa tena kufidia kilichochongwa, valvu inaweza kugusa. Pia angalia alama za gia za taimingi. Jino moja au mawili pembeni yanatosha. Fungua kifuniko cha valvu, zungusha taratibu, mtu mmoja aangalie roka (mikono inayobonyeza valvu) za silinda ipi zinakuwa zimebonyeza inapogota.

Jambo la tatu ndilo ninaloliogopa kuliko yote: maji. Kama nozeli zilipokuwa ndani injini ilikwama, na baada ya kuzitoa inazunguka laini huku maji au dizeli inaruka kwenye tundu mojawapo, silinda hiyo ilikuwa imejaa. Kaa mbali na matundu hayo unapozungusha. Pistoni haiwezi kugandamiza maji, na starta yenye nguvu zaidi, ile anayoitaka mwenye mashine, ndiyo ingepinda konrodi. Maji yanatoka kwenye gasketi ya hedi, ufa wa hedi, au oringi za laina zilizokatika wakati wa kusukumiwa. Dizeli hutoka kwenye nozeli isiyofunga. Ukiliona hili, ufunguo usiguswe tena mpaka ujue yalipotokea.

Pampu uliyoirudisha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mafundi wengi wa magari wanaoingia kwenye mitambo hupasahau. Kwenye lori ukikanyaga klachi injini inabaki peke yake. Kwenye ekskaveta pampu ya haidroli imeunganishwa na flaiwili moja kwa moja, na starta lazima iizungushe nayo kila mara. Pampu ikiwa imebana, starta ndiyo inayoteseka.

Lakini kuna kosa la kificho zaidi. Kiungo kinachokaa kwenye shafti ya pampu kina kina chake maalumu. Kikikaa nje kupita kipimo, pampu haifiki kwenye haunzingi. Inabaki na pengo la milimita moja au mbili. Fundi anaona pengo, anashika bolti, anavuta kwa spana mpaka pengo linafunga. Kwa macho kazi imekwisha. Kwa kweli ameisukuma krenki mbele kwa nguvu ya bolti zote, na krenki sasa imekandamiza beringi zake za kuzuia msukumo bila hata nafasi ya filamu ya oili. Kwenye buldoza jambo hilohilo hutokea kwa tokikonveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na gia) isiyoingia mpaka mwisho. Niliwahi kuitwa kwenye buldoza ya namna hiyo: starta mpya, betri nne zimeunganishwa kusaidia, injini haisogei. Nililegeza bolti za haunzingi mizunguko mitatu tu, nikasikia chuma kikirudi nyuma kwa kishindo kidogo, na injini ikazunguka kwa mkono mmoja. Tuliposhusha tokikonveta, meno yake yalikuwa na alama za kugongana mapya kabisa, yanang'aa.

Fanya hivyo kwako. Weka geji ya saa (kipimo cha mshale kinachosoma sehemu za milimita) kwenye puli ya mbele, sukuma krenki mbele na nyuma kwa mtaimbo mdogo. Kwenye injini nyingi za ukubwa huo inatakiwa isogee kati ya 0.1 na 0.5 mm hivi, na kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Isiposogea hata kidogo, legeza bolti za pampu kidogo upime tena. Ikianza kusogea, umempata mwizi, na injini haina haja ya kufunguliwa isipokuwa kukagua beringi hizo kama ilishazungushwa muda mrefu ikiwa imekandamizwa.

Sasa umeme

Kama kwa mkono injini inazunguka vizuri, rudisha nozeli, kata dizeli ili isiwake, na umwite mtu wa kugeuza ufunguo. Usiiruke swichi kwa kugusanisha bisibisi kwenye solenoidi (swichi kubwa ya starta). Njia hiyo inapita pembeni ya kufuli zote za usalama, na mashine ikiwaka ikiwa imeingia gia inakukuta wewe umesimama kwenye mnyororo wake.

Betri mpya si hoja. Pima kila moja peke yake ikiwa imepumzika: iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi, ya 12.2 iko nusu. Halafu pima kila moja tena wakati starta inasukuma. Zikiwa zimeungwa mfululizo, ampia zilezile zinapita kwenye zote mbili, hivyo mtihani ni wa haki kabisa. Kila moja isishuke chini ya 9.6 hivi. Moja ikibaki 11 na nyingine ikaanguka 6, iliyoanguka imekufa hata kama risiti yake ni ya jana.

Baada ya hapo nenda kwenye waya wako wa moto. Weka ncha moja ya mita juu ya nguzo yenyewe ya risasi ya hasi ya betri, si juu ya klampu, na nyingine kwenye bodi ya starta, mahali palipokwaruzwa mpaka chuma cheupe. Geuza ufunguo, soma. Mita inakuonyesha volti zinazopotelea njiani. Ningependa kuona 0.5 au pungufu. Kwa mfumo wa volti 24 naweza kuvumilia mpaka 1. Ukiona 2 au 3, hapo pana ugonjwa. Fanya vilevile upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri mpaka bolti kubwa ya starta, kisha kati ya bolti mbili kubwa za solenoidi, ambako wakati wa kusukuma panatakiwa pawe karibu na sifuri. Pakisoma zaidi ya nusu volti, visahani vya solenoidi vimeungua.

Kwa nini usipime waya kwa omu, kama wengi wanavyofanya? Kwa sababu volti 2 zikipotea kwenye ampia 500, ukinzani wake ni omu 0.004. Mita ya kawaida hailioni hilo, itakuambia waya ni mzima. Lakini volti 2 mara ampia 500 ni wati 1,000, yaani moto wa pasi ya umeme umekaa kwenye bolti moja. Ndiyo maana mkono wako umehisi joto. Ukigundua joto liko sehemu moja tu, kwenye kichwa cha waya au bolti, kosa ni kiungo hicho. Waya wote ukiwa na joto kuanzia mwanzo mpaka mwisho, aidha ni mwembamba kuliko wa awali, aidha ampia zinazopita ni nyingi kupita kiasi na urudi kwenye mzigo.

Na sasa niseme ninachokishuku, ingawa sijaiona mashine. Injini ikitoka ovaholi hupakwa rangi, na watu huipenda ing'ae. Rangi hiyo inafunika uso ambao starta inakaa, inafunika sehemu ya bloku inayopokea waya wa ethi (waya wa hasi unaoshika bodi), inaingia mpaka chini ya washa. Umeme wa starta unarudi betri kupitia nyuso hizo. Mpira wa kushikilia injini hauupitishi. Kama kuna waya wa kusuka uliokuwa ukiunganisha bloku na fremu na umebaki kwenye sanduku la bolti za ziada, umeme utatafuta njia nyingine, hata kupitia kebo ya kuongezea mafuta, na kebo hiyo itaungua. Nenda ukapige msasa nyuso hizo zote, rudisha waya wa ethi, kaza, upime upya kabla ya jambo jingine lolote.

Ampia na mwendo, visomwe pamoja

Zungushia klampu kwenye waya mnene wa starta. Kwa dizeli ya silinda 6 ya volti 24, wakati wa kusukuma ampia mara nyingi huangukia kati ya 250 na 600, baada ya mruko mkubwa wa mwanzo. Namba yenyewe haina maana peke yake. Iweke pamoja na mwendo wa injini, ambao ili dizeli iwake unatakiwa uwe kama mizunguko 100 hadi 150 kwa dakika au zaidi.

Ampia nyingi, mwendo mdogo: mzigo ni mzito, au starta yenyewe imeungana koili ndani. Ampia chache, mwendo mdogo: umeme unazuiwa njiani, rudi kwenye volti zinazopotea. Ampia chache na starta inalia kwa kasi huku injini imetulia: pinioni (gia ndogo ya starta) haishiki au klachi yake ya bendeksi inateleza. Mlio wa tak-tak-tak-tak wa haraka ni solenoidi inayoachia kila inaposhika, kwa kawaida kwa sababu volti zimeanguka. Mara chache ni koili yake ya kushikilia iliyokatika.

Ufunguo, relei na waya mwembamba wa solenoidi kwako sivihangaikii. Starta imegonga na imesukuma, kwa hiyo amri inafika.

Meno

Jambo moja bado linaweza kutoa dalili zako zilezile: pinioni kubana kwenye ringi gia (pete ya meno iliyozunguka flaiwili). Baadhi ya starta hukaa na kipande cha chuma au alumini katikati yake na haunzingi. Kikisahaulika, au starta mpya ikiwa na shingo tofauti, pinioni inazama mno kwenye meno, inazunguka kidogo na kujibana. Fungua starta utazame. Meno ya pinioni yanatakiwa yawe na alama katikati ya ubavu. Yakiwa yameng'aa kwenye ncha na mashina, nafasi hakuna. Hesabu meno ulinganishe na ya starta ya zamani. Hakikisha pia zote mbili zinazunguka upande mmoja, na kibao kinasema volti 24.

Mulika tochi kwenye ringi gia nayo, hasa kama mliibadilisha. Inapashwa moto ili ivae kwenye flaiwili, na kwenye haraka ya kuiwahi kabla haijapoa ni rahisi kuigeuza. Upande wenye meno yaliyochongwa mshazari ndio unaoipokea pinioni. Ukikuta unga wa chuma unaometameta chini ya haunzingi na sauti ya kusaga kila unapogeuza ufunguo, huenda imegeuzwa. Ringi ya zamani huliwa sehemu chache tu: injini ya silinda 6 hupenda kusimama sehemu tatu zilezile, ile ya nne sehemu mbili.

Starta uliyonayo isitupwe. Ibane kwenye jiliwa, iunge betri kwa sekunde chache. Ikizunguka bila mzigo, starta nyingi za ukubwa huo hazifiki ampia 150. Ikivuta zaidi na kuzunguka kivivu, buchi zimekwisha na sehemu ya ndani inayozunguka inakwaruza, au koili zimeshaungana. Ikifaulu jaribio hili bado haijathibitisha kwamba itabeba injini, lakini umejua haijafa.

Utakapokuja kuiwasha, jaza oili kwanza na uizungushe dizeli ikiwa imekatwa mpaka presha ya oili ionekane, bila kuzidisha sekunde 30 kwa mara moja, kisha uiache ipoe dakika 2. Injini ikishapata moto wake wa kazi, izime, uijaribu palepale. Ikizunguka vizuri ikiwa baridi na ikagoma ikiwa moto, pistoni zina nafasi ndogo kwenye laina au starta ilibaki na jeraha la ule moto wa kwanza.

Niandikie namba hizi: volti za kila betri wakati wa kusukuma, volti zilizopotea upande wa hasi na upande wa chanya, ampia, na milimita ambazo krenki imesogea. Na unieleze kwa maneno yako mkono wako ulihisi nini ulipoizungusha bila nozeli.